Samaki walitoka kwenye TV, mdogo wangu hakuwaona!

NIANZE kwa kuungama, msomaji wangu mpenzi. Mimi ni mtu wa kuingizwa mjini kirahisi. Nimezaliwa hapa hapa Dar, nimesoma hapa hapa mpaka Form Four, lakini ukinionyesha kitu kinachong'aa chenye bei ya kutupa, akili yote inahamia mfukoni. Ndivyo nilivyonunua ile TV.

Ilikuwa mwaka jana, nimepokea mshiko wangu wa kuandika andika. Nikapita Kariakoo kwenye duka la TV za mtumba, zile zinazoshushwa na makontena. Jamaa wa dukani akaniona tu nilivyokodoa macho, akajua samaki kaingia kwenye nyavu.

"Bosi, hii kitu ni 3D," akaninong'oneza kama ananiuzia siri ya serikali. "Ukiweka movie ya vita, risasi zinapita masikioni."

"Miwani yake iko wapi?"

"Aah, kaka, miwani inauzwa popote!"

Basi bwana, nikatoa laki tatu na ishirini. Nikapakia inchi 42 kwenye bajaji, huyo mpaka Mabibo. Hiyo "popote" aliyosema nimeitafuta wiki tatu nzima. Msimbazi hakuna, Mkunguni hakuna, Machinga Complex wananishangaa kama nauliza bei ya treni.

Usiku wa kwanza nikabonyeza kitufe cha 3D kwenye rimoti. Picha ikagawanyika, kila mtu akawa na kivuli chake pembeni, pua mbili, macho manne. Mama yangu, ambaye anauza samaki wa kukaanga na hajawahi kumung'unya maneno, akaangalia, akatikisa kichwa.

"Mwanangu," akasema, "laki tatu zote hizo umenunua TV yenye makengeza?"

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Mdogo wetu wa mwisho, yuko darasa la pili, alicheka mpaka akamwaga chai. Mama akamkaripia kwa uzembe, maana huyo mtoto kumwaga chai ilikuwa desturi. Kumbuka hiyo chai, tutairudia.

Macho mawili, picha mbili

Kabla sijaendelea, ngoja tuelewane hii 3D ni mdudu gani, maana vijiweni watu wanachonga tu.

Nyoosha mkono wako, simamisha dole gumba. Funga jicho la kushoto, angalia kwa la kulia. Sasa badilisha. Umeona dole linavyoruka? Macho yako yamepishana kama sentimita 6 hivi, kwa hiyo kila jicho linaona picha yake, tofauti kidogo na ya mwenzake. Ubongo unazichukua zote mbili, unazichanganya, unakuambia hiki kiko karibu, kile kiko mbali. Mwingereza Charles Wheatstone alilieleza jambo hilo mwaka 1838 na kutengeneza chombo cha kuangalizia picha mbili mbili. Sinema yenyewe ilikuwa haijazaliwa.

Kwa hiyo filamu ya 3D inapigwa kwa macho mawili ya kamera, au inatengenezwa hivyo kwenye kompyuta. Kazi inayobaki ni moja: picha ya kushoto iende jicho la kushoto tu, ya kulia iende la kulia tu. Kazi hiyo ndiyo ya miwani. Na miwani nayo iko ya namna tatu, hapo ndipo nilipokuwa nimekwama.

Ya kwanza ni ile ya makaratasi, jicho moja jekundu, jingine bluu. Hii haihitaji TV ya pekee, hata kideo cha zamani chenye rangi kinakubali, mradi filamu yenyewe iwe imetengenezwa kwa rangi hizo. Ubaya wake rangi zinaharibika, mtu anaonekana kama amepakwa majivu. Mimi nilijaribu kuitengeneza kwa makaratasi ya pipi. Usicheke. Haikufanya kazi kwa sababu TV yangu haitumii mtindo huo.

Ya pili ina betri ndani. TV inaonyesha picha ya kushoto, halafu ya kulia, halafu ya kushoto, mara nyingi kwa sekunde moja. Miwani nayo inafunga jicho moja na kufungua jingine kwa kufuata mwendo huo huo, haraka kiasi kwamba wewe huoni inavyopepesa. Picha yake ni kali, lakini miwani ni ghali, inataka chaji, na ya kampuni moja mara nyingi haielewani na TV ya kampuni nyingine.

Ya tatu haina betri wala waya. Ni plastiki tu inayochuja mwanga. Kwenye kioo cha TV mstari mmoja ni wa jicho la kushoto, unaofuata ni wa la kulia, mpaka chini. Hii ni nyepesi na rahisi, ila kila jicho linapata nusu tu ya mistari.

Sasa sikia maajabu. Desemba 2022 nilijikongoja kwenda sinema ya mall kuangalia "Avatar: The Way of Water". Ile miwani nilinunua pale pale, nikaondoka nayo kwa ajili ya kujidai mtaani. Ilikuwa imelala kwenye begi langu muda wote ule. Siku moja natafuta kalamu, nikaikuta. Nikaivaa hivi hivi kwa utani, nikawasha TV.

Yale makengeza yakapona papo hapo! TV yangu ilikuwa ya namna ya tatu, ile ya plastiki, na miwani ya sinema ile inaingiliana nayo kabisa. Wiki tatu nimezunguka Kariakoo, dawa iko kwenye begi langu mwenyewe. Kesho yake nikarudi sinema, nikanunua miwani mitano mingine.

Simba wa Tsavo ndiye aliyeanza

Kuna kitu nilikigundua wakati nachimba mambo haya, kikanifanya nijisikie hatuko nyuma sana. Filamu ndefu ya kwanza ya Kimarekani ya 3D yenye rangi ina neno la Kiswahili kwenye jina lake! Inaitwa "Bwana Devil", ilitolewa Novemba 26, 1952. Mtengenezaji wake ni Arch Oboler, mhusika mkuu Robert Stack.

Na hadithi yenyewe? Ni wale simba wawili wa Tsavo, Kenya, waliokuwa wakila vibarua wa reli iliyotoka Mombasa kwenda Uganda mwaka 1898, mpaka John Henry Patterson alipowapiga risasi. Simba wenyewe wamekaushwa, wako kwenye jumba la makumbusho la Field Museum, Chicago. Matangazo ya filamu ile yaliwaahidi watazamaji simba mapajani na mpenzi mikononi. Watu wakajaa, wamevaa miwani. Wakosoaji waliiponda hadithi yake, lakini pesa iliingia, na kampuni kubwa zote zikakimbilia 3D.

Mwaka uliofuata, 1953, ikatoka "House of Wax", filamu ya kutisha iliyopiga bao kweli kweli. Aliyeiongoza ni André de Toth. Huyu bwana alikuwa na jicho moja tu. Ndiyo, umesoma sawa. Mtu aliyewarusha Wamarekani vitini kwa 3D, mwenyewe alikuwa hawezi kuiona hiyo 3D.

Niliposoma hilo nilicheka peke yangu. Wiki moja baadaye sikucheka tena.

Ijumaa ya samaki

Ijumaa ile sebule ilijaa. Mama, kaka yangu, mdogo wetu, na washikaji wangu wawili wa kijiweni. Nimepata filamu ya "Life of Pi", ya Ang Lee, ya mwaka 2012. Kama hujaiona, ni kijana wa Kihindi anayebaki kwenye boti katikati ya bahari na chui milia. Hatari tupu.

Mama akauliza, "Mbona hakuna anayetafsiri?" Amezoea zile za DJ. Nikamwambia, mama, leo tunaangalia kwa macho, masikio yapumzike.

Ikafika ile sehemu ya samaki warukao. Msomaji, Ang Lee pale alifanya ujanja. Juu na chini ya picha kuna mistari myeusi, na samaki wanaruka kupita ile mistari, unaona kabisa wametoka nje ya TV wanakuja usoni kwako. Mshikaji wangu akainamisha kichwa. Kaka akapiga yowe. Mama, mtu wa Feri, mtu anayeamka saa kumi usiku kugombea samaki mnadani, akanyoosha mkono kumdaka mmoja! Alipogundua ameshika hewa akasema, "Hawa wangekuwa wa kweli, leo nisingeenda Feri."

Katika kelele zile zote, mdogo wetu ametulia kimya kwenye mkeka. Miwani kaivaa. Anatuangalia sisi, haangalii TV.

"Wewe, huoni samaki?"

"Nawaona."

"Hawaji kwako?"

"Wako kwenye TV," akasema.

Nikajua tatizo ni mkeka. TV za namna hii zina masharti, macho yako yawe usawa wa kioo. Ukikaa chini sana au ukisimama karibu, picha zinaingiliana. Nikamnyanyua, nikamweka kwenye kochi, mahali pangu mwenyewe. Nikarudisha sehemu ile ile.

"Sasa je?"

"Wako kwenye TV."

Nikambadilishia miwani, nikampa ya mama. Vile vile. Hapo ndipo nilipofanya kitu ambacho mpaka leo kinaniuma. Nikamwambia ni mbishi, anajidai, anataka kuniharibia shughuli mbele ya washkaji. Nikamvua miwani, nikamwambia akalale. Akaenda kulia chumbani na mto wake.

Ziba moja, niambie

Usiku usingizi haukuja. Nikamkumbuka yule de Toth. Jicho moja, haoni 3D. Nikakumbuka chai. Huyu mtoto akimimina chai, nusu inaangukia mezani, kila siku. Ukimrushia mpira anaukumbatia baada ya kuwa umeshapita. Nyumbani tunamwita "mzembe", jina limemkaa kabisa kama la ubatizo.

Asubuhi nikamwomba msamaha kwa maandazi. Halafu nikamwambia tucheze mchezo. Nikaziba jicho lake la kushoto kwa kiganja, nikamwonyesha kalenda ya ukutani. Akasoma vizuri, tarehe zote. Nikaziba la kulia.

Akausukuma mkono wangu.

"Kaka, usizibe hilo."

"Kwa nini?"

"Nikiziba hilo, kunakuwa na ukungu."

Kunakuwa na ukungu! Miaka saba mtoto anaishi nasi, anakula nasi, anapigwa kwa kumwaga chai, na hakuna aliyejua kwamba jicho moja halifanyi kazi. Macho yenyewe yamenyooka, mazuri, hayana makengeza hata kidogo. Shuleni anasoma ubaoni kwa lile zima. Na yeye mwenyewe angesemaje? Alidhani watu wote wako hivyo.

Mama alinyamaza muda mrefu. Halafu akafungua kibubu chake, akahesabu noti zinazonuka samaki, akavaa khanga. "Twende," akasema.

Daktari wa macho alimpima kwa taa na herufi, akatueleza kwa lugha nyepesi. Jicho la kushoto lilihitaji lenzi yenye namba kubwa tangu mwanzo, la kulia liko sawa. Ubongo ukiona picha moja safi na nyingine ya ukungu, unachoka kubishana. Unaamua kuitupa ile ya ukungu. Jicho lenyewe halijafa, lakini halisikilizwi, linabaki goigoi. Wenyewe wanaliita jicho vivu. Na ukishakuwa unatumia picha moja tu, ndio hivyo, samaki wanabaki kwenye TV na chai inabaki mezani.

"Mmewahi au mmechelewa kidogo," akasema daktari, "lakini bado kuna nafasi." Akatufafanulia kwamba ubongo wa mtoto mdogo unafundishika kirahisi, na ndiyo maana ni vizuri jambo hili ligundulike mapema, kabla ya miaka saba au nane. Mkubwa zaidi naye anaweza kusaidiwa, ila kazi inakuwa ngumu. Akaandikiwa miwani, ya kweli safari hii, na kibandiko cha kuziba jicho zima saa mbili kila siku, ili lile vivu lilazimike kufanya kazi.

Mbona ilikufa?

Washkaji huniuliza: kama 3D ya nyumbani ni bomba hivyo, mbona madukani TV zake mpya hazipo? Jibu ni kwamba dunia iliichoka.

Baada ya "Avatar" ya James Cameron kutoka Desemba 2009, kampuni zilipagawa. Mwaka 2010 kila mmoja akatoa TV ya 3D. Kombe la Dunia la Afrika Kusini, mwaka huo huo, mechi 25 zilipigwa kwa 3D, na Marekani chaneli ya ESPN 3D ilianza siku ya ufunguzi, Juni 11, Bafana Bafana walipotoka moja moja na Mexico. Lakini watu hawapendi kuvaa miwani sebuleni. Unataka kula, unataka kuangalia simu, mgeni kaja na miwani haitoshi. ESPN 3D ilifungwa 2013, BBC nayo ikasimamisha mwaka huo huo. Samsung waliacha kutengeneza TV hizo mwaka 2016, LG na Sony wakafuata 2017.

Ndiyo maana za kwetu ni mtumba. Ukitaka kitu kipya, kuna projekta zinazokubali 3D, na kuna yale makofia ya kuvaa usoni yenye kioo kwa kila jicho, kama Meta Quest, au Apple Vision Pro iliyotoka 2024 kwa bei ya kununulia kiwanja. Mwenye ukapa kama mimi anaweza kutumia simu na boksi la karatasi lenye lenzi mbili, mtindo ambao Google waliuonyesha mwaka 2014.

Kabla hujatoa mshiko

Kama na wewe umenogewa, usiingie mkenge kama mimi. Mambo ni haya:

Nenda dukani na miwani ya sinema mfukoni. Mwambie muuzaji awashe 3D, uvae. Picha ikiunganika, TV ni ya plastiki, nunua. Isipounganika, huenda ni ya betri, basi usitoe hata senti mpaka akupe miwani yake na uione inafanya kazi.

Filamu yenyewe iwe ya 3D. Kwenye flashi utaona picha mbili zimebanwa ubavu kwa ubavu. Usidhani imeharibika, bonyeza kitufe cha 3D uchague mtindo huo, TV itazipandanisha. Kile kitufe cha kugeuza filamu ya kawaida kuwa 3D ni danganya toto, kitakupa kichwa tu.

Kaa wima, macho usawa wa kioo. Ukilala ubavu, 3D inakufa, kwa sababu macho yako hayako tena kushoto na kulia, yamekuwa juu na chini.

Kichwa kikiuma, vua, pumzika. Macho yanalenga kioo huku yanaambiwa samaki yuko puani, lazima yachoke.

Na la mwisho, ambalo ndilo lililonifanya niandike yote haya. Kama kuna mtoto amevaa miwani, amekaa vizuri, wenzake wote wanaruka na yeye ametulia, usimwite mbishi. TV si daktari, na huenda ni usingizi tu au mipangilio mibaya. Lakini ziba jicho moja, muulize. Halafu ziba la pili. Haikugharimu kitu.

Mdogo wetu ana miezi mitano na kibandiko chake. Mwanzoni alikuwa anakibandua na kukibandika kwenye ukuta. Mara ya mwisho hospitali alisoma mistari miwili chini ya pale alipoanzia, na lile jicho goigoi. Daktari amesema tusiwe na haraka na wala tusitegemee miujiza.

Juzi Ijumaa nilimwekea tena wale samaki, nikamvalisha ile ya plastiki juu ya miwani yake. Akaangalia kwa makini, mdomo wazi. Mama naye kaacha kupaa samaki, anamwangalia yeye.

"Mmoja," akasema polepole. "Yule mmoja amesogea kidogo."

Halafu akaomba tumwekee katuni zake za kawaida, samaki wamemchosha. Tukamwekea. Mama akarudi kwenye beseni lake akijifanya anafuta magamba usoni, na mimi nikaenda jikoni kutafuta chai, ambayo siku hizi tunamwachia amimine mwenyewe. Bado inamwagika, lakini hatumwiti tena lile jina.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.